Kulitafuta kaburi la jamaa aliyekufa vitani: mwongozo kamili kwa familia za Mombasa na Pwani

Katika familia nyingi za Mombasa kuna jina linalotajwa kwenye hitima au kwenye matanga, na likitajwa hufuatwa na maneno yaleyale: alikwenda vitani, hakurudi. Wengine huongeza kwamba alikufa Bama (yaani Burma, Myanmar ya leo), wengine kwamba alizama na meli, na wengine hawana la kuongeza. Mjane wake amekwisha kufa, watoto wake wamezeeka, na sasa wajukuu wenye simu mkononi ndio wanaouliza: amelala wapi?

Swali hilo hujibika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Lakini ni vizuri ujue mapema kwamba majibu yako ya namna tatu. Kuna aliye na kaburi lenye jiwe na jina lake. Kuna asiye na kaburi linalojulikana, ila jina lake limechongwa ukutani pamoja na wenzake. Na kuna ambaye hana kaburi wala jina popote, kwa sababu serikali aliyoitumikia haikuona haja ya kuliandika. Huyu wa tatu ndiye anayehitaji kazi kubwa, na kwake nitakaa sana, kwa sababu wengi wa watu wetu wamo katika kundi lake na kosa hilo bado linaweza kurekebishwa.

Kwanza ujue ni vita gani

Usianze na kaburi. Anza na vita, kwa sababu kila vita ina nyaraka zake na kila jeshi lilizika kwa namna yake.

Vita vya Mjerumani, yaani vya 1914 hadi 1918, viliwachukua watu wetu kwa njia mbili kubwa: askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) na wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo). Mombasa ilikuwa pia na kikosi cha Waarabu kilichoongozwa na Arthur Wavell, ambaye aliuawa Mwele, upande wa Kwale, tarehe 9 Januari 1916 pamoja na baadhi ya watu wake.

Vita vya Hitla, 1939 hadi 1945, viliwapeleka mbali zaidi: Somalia na Uhabeshi, Bukini (Madagaska) mwaka 1942, Misri na Libya kwa wale wa vikosi vya kazi, kisha Ceylon (Sri Lanka ya leo), India na Burma. Humo walikuwamo askari wa Keya, wapiga mizinga, madereva, wauguzi na mabaharia wa kikosi cha majini cha akiba kilichoundwa hapa Mombasa mwaka 1933.

Ukiwa hujui ni vita gani, hesabu kwa vizazi. Aliyeacha mtoto mchanga aliyezaliwa mwaka 1940 hakufa kwenye vita vya Mjerumani. Linganisha na mambo ambayo wazee wanayakumbuka: njaa fulani, chifu fulani, mwaka ambao binti fulani aliolewa.

Kaa na wazee kabla ya kufungua kompyuta

Hii ndiyo hatua ambayo vijana huiruka, na ndiyo inayoamua kama utafika au hutafika. Orodha za vita zina mamia ya kina Juma, kina Karisa na kina Mutua. Bila jina la baba, kijiji na kikosi, huwezi kumtenganisha wako na wengine.

Nenda kwa mzee aliye karibu zaidi na aliyekufa: mtoto wake, mpwa wake, hata mtoto wa jirani. Mashangazi mara nyingi hukumbuka zaidi, kwa sababu wao ndio waliokaa na mama aliyekuwa akingoja. Usimwulize mzee, "Babu alikufa lini?" Swali hilo hujibiwa "sijui" na mazungumzo yakaishia hapo. Muulize: "Shangazi, walipoondoka waliondoka wangapi hapa kijijini, na kina nani?" "Yupi alirudi? Alileta habari gani?" "Habari ya kifo ilifikaje? Ilikuja barua, au mliitwa kwa Disii, mkuu wa wilaya?" "Kuna pesa zilizokuwa zikija kila mwezi? Zilikatika lini?" Pesa zilizokatika ni dokezo zuri mno, kwa sababu askari wa vita vya pili waliweza kukatiwa sehemu ya mshahara ikafika nyumbani kupitia ofisi ya wilaya, na ofisi hizo ziliandika.

Aliyerudi ni muhimu kama aliyekufa. Ukijua kikosi cha rafiki yake waliyejiandikisha pamoja, huenda umekijua na cha babu yako.

Kisha uombe kuona vitu. Kwa adabu, na mbele ya wenye navyo, maana sanduku la marehemu si la kufunguliwa na kila mtu. Tafuta:

- Medali. Za vita vya Mjerumani kwa kawaida zimepigwa maandishi ukingoni: namba, jina na kikosi. Igeuze polepole kwenye mwanga, usiisugue kwa dawa ya kung'arishia. Za vita vya pili mara nyingi hazina jina, lakini aina yake yenyewe inasema: nyota ya Burma haitolewi kwa aliyebaki Somalia, na nyota ya Afrika humaanisha kaskazini mwa Afrika au Uhabeshi na Somalia.
- Kipande, barua, bahasha zenye muhuri wa jeshi, risiti za pesa.
- Picha. Angalia beji ya kofia na ya bega. Geuza nyuma, huenda studio iliandika mji na mwaka.
- Cheti cha ubatizo, kama alikuwa Mkristo. Waliobatizwa Rabai au Frere Town waliweza kuandikishwa jeshini kwa jina la ubatizo ambalo nyumbani halikutumika kabisa. Daftari la kanisa litakupa jina hilo.

Cheti cha kifo cha miaka hiyo usikitegemee. Kwa Mwafrika wa wakati ule ni nadra kupatikana.

Rekodi mazungumzo kwa simu, na uandike kila jina kama mzee alivyolitamka.

Jina kama karani alivyoliandika

Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Alikuwa Mwingereza, Mhindi, au Mwafrika wa kutoka mbali, na sauti za Kimijikenda zilimshinda. Dzombo akawa Jombo. Tsuma akawa Suma au Chuma. Karisa akawa Kalisa, Ngumbao akawa Gumbao, Salim akawa Salum au Selimu. Majina ya Kikamba na ya Kijaluo nayo yalikatwa vivyo hivyo.

Andika karatasini kila namna ambayo mgeni angeweza kuliandika jina hilo, kisha fanya vivyo hivyo kwa jina la baba. Kumbuka kwamba askari wengi waliandikwa kwa jina moja tu, likawekwa mahali pa jina la ukoo, na la baba likaja pembeni kwenye maelezo: mwana wa fulani, wa mahali fulani. Kwa Waislamu "bin" ilibaki mara nyingine, mara nyingine ikatupwa.

Mahali napo pabadilishe. Taita iliandikwa Teita. Giriama iliandikwa Giryama. Wamijikenda kwa jumla waliitwa Wanyika, na kulikuwa na wilaya iliyoitwa Digo. Familia za Mombasa zenye asili ya bara zikumbuke kwamba Murang'a iliitwa Fort Hall, na kwamba Waluo na Waluhya waliwekwa chini ya jina la Kavirondo. Babu yako anaweza kuwa amekaa Majengo miaka kumi, lakini daftarini akaandikwa kwa wilaya ya kwao.

Kutafuta katika orodha ya Tume

Chombo cha kwanza ni tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, cwgc.org. Tume hii ilianzishwa mwaka 1917 na ndiyo inayotunza makaburi ya waliokufa wakiwa katika majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Kutafuta ni bure. Yeyote asikutoze pesa kwa kazi hiyo.

Ingia sehemu ya kutafuta waliokufa, anza na jina moja tu, kisha punguza kwa vita, kwa kikosi, kwa mwaka, na kwa nchi alikozikwa. Ukianza kwa kujaza kila kitu, herufi moja ikikosewa hupati kitu. Ukiwa na namba ya askari kutoka kwenye medali au barua, anza nayo, maana namba haina tahajia.

Jambo ambalo wengi hawalijui: si lazima awe ameuawa kwa risasi. Tume humhesabu kila aliyekufa akiwa kazini, hata kwa malaria, kuhara au ajali ya lori, mradi tarehe iangukie kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Askari aliyefia hospitali ya jeshi Nanyuki mwaka 1946 yumo katika haki hiyo. Usikatishwe tamaa na anayesema "huyo hakufa vitani, aliugua tu".

Ukimpata, usome ukurasa wake wote. Kama ana kaburi, utaona kiwanja, mstari na namba ya kaburi. Kama ni jina ukutani, utaona namba ya safu au ya uso wa nguzo. Chini yake mara nyingi kuna picha za nyaraka za zamani, na hizo ndizo zenye utajiri. Askari wengi walizikwa kwanza kando ya njia au nyuma ya hospitali ya porini, kisha mifupa ikahamishiwa makaburi makubwa baada ya vita. Karatasi za kuhamisha zinaonyesha alipolala mwanzo. Pakua kila karatasi na uihifadhi mahali pawili.

Walikolala wa vita vya Hitla

Aliyefia Kenya anaweza kuwa Nairobi, kwenye Makaburi ya Vita ya Barabara ya Ngong, au Nanyuki, Nyeri, Gilgil, au hapa Mbaraki. Waliofia Bukini wana makaburi yao Diego Suarez, mji ambao leo huitwa Antsiranana. Uhabeshi kuna makaburi ya vita Addis Ababa. Waliokufa katika kampeni ya kusini mwa Uhabeshi na Somalia bila kaburi kujulikana wako kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya yale makaburi ya Barabara ya Ngong.

Kwa Burma, kumbuka jina Taukkyan, kaskazini mwa Yangon. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka 1944 na kufika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Waliokufa njiani walizikwa walipoangukia. Taukkyan ina makaburi zaidi ya 6,000 yaliyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali, na katikati yake kuna Ukumbusho wa Rangoon wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Watu wetu wako kote kuwili. Wengine walirudishwa nyuma wakiwa majeruhi wakafia India, kwa hiyo tazama pia Imphal na, upande wa Bangladesh ya leo, Chittagong. Na waliofia mazoezini au hospitalini Ceylon, wengine wako Kandy.

Sasa neno juu ya "alizama na meli", maana kwa Mombasa hili ni letu. Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail walikuwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, askari wengine, mabaharia, na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga kwa makombora ya majini. Ilizama katika dakika chache tu. Waliokufa ni karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengi walikuwa chini, ndani ya meli, hawakupata hata nafasi ya kupanda juu.

Kwa hiyo kama wazee wanasema alikuwa wa mzinga na alizama, tafuta kwa tarehe hiyo ya 12 Februari 1944. Hao hawana kaburi, bahari ndiyo kaburi lao, lakini majina yao yamo kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki huko Nairobi. Ni safari ya siku moja kwa treni, na nazisihi familia za Pwani ziifanye. Waliondokea bandari yetu. Mji huu ndio ardhi ya mwisho waliyoikanyaga.

Vita vya Mjerumani na watu wasioandikwa

Hapa ndipo penye maumivu. Wapagazi ndio waliobeba vita vile: chakula, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande, majeruhi. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza hukaribia 100,000. Majina ya mitaa ya Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam yametokana na kikosi chao.

Baada ya vita, maofisa waliamua kwamba makaburi ya askari na wapagazi Waafrika yasiwekewe mawe ya mtu mmoja mmoja; yaachwe yamezwe na pori. Wazungu waliofia Voi na Taveta walipata mawe. Kwa Waafrika zilijengwa sanamu tatu: Nairobi, Dar es Salaam, na ile yetu ya Barabara ya Jomo Kenyatta tunayoipita kila siku. Maandishi ya sanamu hizo yanasema kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halikuandikwa, hata la mmoja.

Mwaka 2021 Tume ilitoa ripoti ikakiri hayo. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi na ikaahidi kuwatafuta. Tangu hapo Tume imefanya kazi na jeshi la Kenya, na katika hifadhi za jeshi yameonekana majalada ya askari wa Keya yaliyodhaniwa yamepotea, yenye majina ambayo hayakuwamo katika orodha. Maana yake kwako ni hii: ukitafuta leo ukakosa, tafuta tena mwaka kesho. Orodha hii bado inakua.

Kwa aliyekufa kwenye vita hivi, lengo lako liwe kujua kikosi, mwaka na eneo. Ukijua kwamba alikuwa mpagazi aliyepita Voi kwenda Taveta mapema mwaka 1916, wakati wa vita vya Salaita vya tarehe 12 Februari, tayari umepunguza nchi nzima ikawa barabara moja. Mimi naona hilo ni jibu, hata kama si kaburi.

Wagiriama wana jambo la ziada. Mwaka 1914, wakati wa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, wako waliouawa kwa kukataa, miongoni mwa mengine, vijana wao wasichukuliwe. Hao hawakuwa askari wa mtu, kwa hiyo Tume haiwahusu. Habari zao ziko kwa wazee wa kaya na katika majalada ya mkoa, ambayo ndiyo yanayofuata.

Nyaraka za Nairobi, za Mombasa na za London

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi. Nenda na kitambulisho, ulipe ada ya utafiti, na umweleze mhudumu unachotafuta. Wengi wao wanajua kuliko daftari la orodha. Waombe mafaili ya Mkoa wa Pwani, yanayoanza kwa PC/COAST, kisha ya wilaya: DC/MSA ni Mombasa, DC/KWL Kwale, DC/KFI Kilifi, DC/TTA Taita. Ndani yake angalia mada za kuandikisha wapagazi, mishahara isiyodaiwa, mirathi ya askari waliokufa, na barua za familia kuuliza habari. Mishahara isiyodaiwa ndiyo iliyozaa orodha za majina. Kwa kuwa serikali ilikuwa na pesa za marehemu mkononi, ilibidi imtafute mwenyewe, na ilipomtafuta iliandika jina la baba, kijiji na chifu.

Mombasa nayo ina kituo cha kumbukumbu cha idara hiyohiyo. Uliza huko kwanza kabla ya kulipa nauli ya Nairobi.

Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina shajara za vikosi, yaani daftari za matukio ya kila siku. Vita vya kwanza viko katika fungu la WO 95. Vita vya pili, Afrika na Mashariki ya Kati, WO 169. Burma na India, WO 172. Shajara hazitaji askari wa kawaida kwa jina, hutaja maofisa na idadi. Usitafute jina humo. Chukua tarehe ya kifo uliyoipata kwenye orodha, fungua shajara ya kikosi chake siku hiyo, na utajua walikuwa wapi na kilitokea nini. Kama una jamaa London, mwombe aende akapige picha kwa simu. Inaruhusiwa na ni nafuu kuliko kuagiza nakala.

Jina halimo: namna ya kuomba liandikwe

Tume hupokea maombi ya kuongeza jina. Inataka kuthibitisha mambo matatu: kwamba mtu huyo alikuwa katika jeshi au kikosi kinachostahili, kwamba alikufa ndani ya tarehe nilizozitaja, na kwamba alikufa akiwa kazini, au kwa sababu iliyotokana na kazi kama alikuwa amekwisha kuachishwa.

Simulizi ya familia peke yake haitoshi, lakini usiitupe. Iandike, iwekwe sahihi na mzee aliyeitoa, na uiambatanishe na karatasi yoyote ya serikali: barua ya Disii, ukurasa wa orodha ya mishahara, medali iliyopigwa picha ukingoni, ukurasa wa faili la wilaya pamoja na namba yake. Taja kila tahajia ya jina. Tuma kupitia tovuti yao, weka nakala ya kila ulichotuma, usitume kitu asilia kamwe. Majibu huchukua muda mrefu. Andika tarehe ya kutuma na ufuatilie kwa upole bila kuacha.

Kwamba inawezekana, tazama Cape Town. Januari 2025 ulizinduliwa ukumbusho wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa katika vikosi vya kazi vya vita vya kwanza, miaka zaidi ya 100 baadaye.

Kwenda kuzuru

Mbaraki ni karibu. Makaburi ya vita yamo kati ya makaburi ya raia, na mawe ya Tume utayatambua kwa kufanana kwake. Lakini kama babu yako aliletwa nyumbani akiwa mgonjwa na familia ikamzika yenyewe, huenda yuko Kikowani au Manyimbo kama Waislamu wengine wa mji, bila alama ya jeshi. Waulize wazee wa msikiti aliouswalia.

Kwa Voi panda treni ya kawaida inayosimama vituoni au basi la Nairobi. Kutoka Voi kuna matatu za Taveta kupitia Mwatate na Maktau. Maktau kuna makaburi ya askari Wahindi, na Taveta kuna makaburi ya kijeshi. Ukiwa na mzee, lala Voi, usimwendeshe kwa siku moja.

Nairobi, nenda Barabara ya Ngong asubuhi. Uliza daftari la majina, linganisha na namba uliyoandika, na upige picha mbili: moja ya jina kwa karibu, moja ya ukuta mzima ili wa nyumbani waelewe mahali. Jua likiwa pembeni herufi husomeka vizuri zaidi kuliko saa sita.

Myanmar ni ngumu tangu mapinduzi ya Februari 2021. Kwa sasa tosheka na nyaraka na picha zilizoko kwenye tovuti ya Tume, na uchapishe cheti chenye jina lake ambacho tovuti hukitoa.

Familia nyingi huuliza kama wanaweza kuileta mifupa nyumbani. Tume hairuhusu, kanuni yake tangu mwanzo ni kwamba askari abaki na wenzake, awe mkubwa au mdogo. Ila dua haina mpaka. Kuhusu kumswalia aliyezikwa mbali, muulizeni imamu wenu, maana madhehebu yamelizungumza. Kwa Wamijikenda, aliyefia mbali anaweza kusimamishiwa koma (kijiti cha ukumbusho) nyumbani, au kigango (nguzo ya mbao iliyochongwa) kama alikuwa wa Gohu, chama cha wazee; hilo ni la wazee wa ukoo, na wao wakishajua tarehe na mahali alipofia huwa wana la kusema.

Kama si askari wa Mwingereza

Waliofia vizuizini wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau, Manyani, Mackinnon Road au Hola, ambako watu 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959, hawamo kwenye orodha ya Tume. Anza na mafaili ya Nairobi, kisha fungu la FCO 141 huko Kew, lenye majalada ambayo Uingereza iliyaficha hadi yalipoanza kutolewa mwaka 2012.

Kwa aliyepotea katika vita vya miaka ya karibuni, Somalia au kwingineko, kama alikuwa askari wa Kenya nenda kwenye kikosi chake na Wizara ya Ulinzi; kama alikuwa raia, nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu ya Mombasa na uombe huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana. Huduma hiyo hailipiwi. Watakuuliza alionekana mara ya mwisho lini, wapi, na nani, kwa hiyo nenda na shahidi huyo au na maneno yake kwa maandishi. Na ikiwa miaka 7 imepita bila yeyote ambaye angestahili kupata habari zake kuzipata, sheria ya ushahidi ya Kenya inaruhusu mahakama kumhesabu kuwa amekufa, ili mirathi na ndoa ya mkewe zisikae hewani. Waislamu wamwone Kadhi.